Kisanduku Kinachopima Ozoni Juu ya Nairobi

Mara moja kwa juma, puto jeupe hupaa kutoka kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti Corner, Nairobi, likiwa limening'iniza kisanduku. Kazi hii ilianza mwaka 1996 kwa ushirikiano wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na wenzao wa Uswisi. Kinachotafutwa ni ozoni, gesi ambayo ikiwa juu hutukinga na miale mikali ya jua, na ikiwa huku chini hudhuru mapafu.

Ndani ya kisanduku mna pampu ndogo na vikombe viwili vya maji yenye chumvi ya potasiamu iodidi. Pampu huvuta hewa na kuibubujisha katika kikombe kimoja. Ozoni ikikutana na iodidi, huigeuza kuwa iodini. Nayo iodini hurudi ilivyokuwa kwa kuchukua elektroni kwenye wavu wa platinamu uliomo kikombeni. Kila molekuli ya ozoni huhitaji elektroni mbili, kwa hiyo ukipima umeme huo mdogo umeihesabu ozoni. Redio hutuma hesabu hiyo ardhini papo hapo, pamoja na halijoto na unyevu wa hewa.

Lakini lazima ijulikane ni hewa kiasi gani imepita. Kabla ya kurusha, fundi hupandisha kiputo cha sabuni ndani ya bomba la kioo huku ameshika saa: pampu husukuma mililita 100 kwa sekunde zisizozidi 30 hivi. Akikosea sekunde tatu, vipimo vya safari nzima vina kasoro ya asilimia 10. Umakini huu hauonekani kwenye grafu, nami nauheshimu kuliko grafu yenyewe.

Puto hupanda mita 5 hivi kwa sekunde. Baridi huzidi hadi kilomita 16 au 17, karibu nyuzi 80 chini ya sifuri. Msafara wa Arthur Berson kutoka Ujerumani uliiona baridi hii ya anga la Ikweta mwaka 1908, uliporusha maputo Ziwa Victoria. Kupita hapo joto hurudi, maana ozoni hunasa miale ya jua. Kilomita 30 na ushei, puto lililokwisha kuvimba mno hupasuka.

Setilaiti hupima vizuri jumla ya ozoni, ila tabaka za chini huziona kwa shida, na vipimo vya maputo kama haya ndivyo vinavyotumika kuzihakiki. Hata hivyo, visanduku vingi haviokotwi tena, na kila juma hudai kipya. Fedha zikikosekana majira ya kuchoma nyasi na misitu, hakuna njia ya kujua baadaye moshi ule ulizalisha ozoni kiasi gani, na katika kimo kipi.