Mgomo wa Reli si Kudra

Kila mwaka, majani yanapopukutika na vyama vya wafanyakazi wa reli vya Ufaransa vinapoanza kuzitaja siku za Krismasi katika ilani zao, hunijia suali lile lile kutoka kwa jamaa walioko Marseille na Paris, na hata kwa wale wa London wenye ndugu ng'ambo ya mlango wa bahari: "Je, watagoma au hawatagoma? Na kama watagoma, nifute tiketi yangu sasa hivi nipate kuokoa kilicho changu?" Nimelijibu kwa upole kwa miaka mingi, leo nalijibu kwa ukali kidogo, madhali nusu yake ya kwanza haina mtu awezaye kuijibu, na nusu yake ya pili ndiyo inayowatoa watu fedha zao bila ya sababu.

Chini ya suali hilo imelala itikadi ambayo nimeikuta kwa waliosoma na wasiosoma sawasawa, nayo ni kwamba mgomo ni kudra, kama tufani ivunjayo vyombo au mafuriko yazoayo madaraja. Na kwa kuwa ni kudra, kampuni ya reli haidaiwi kitu, na abiria mwenye akili ni yule atanguliaye kukimbia. Itikadi hiyo ni batili tangu msingi wake. Kwa miaka kadhaa hata tufani yenyewe haikuwa udhuru katika reli za Ulaya: tarehe 26 Septemba 2013, katika kesi iliyohusu shirika la reli la Austria, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kampuni haiwezi kuikwepa fidia ya ucheleweshaji hata pale chanzo chake kilipokuwa nje ya uwezo wake. Makampuni yalilalamika, na kanuni mpya ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika tarehe 7 Juni 2023, ikayapa nafuu kwa mambo kama hali mbaya mno ya hewa, maafa ya maumbile, maradhi ya kuenea, mtu aliyeingia relini, au wizi wa nyaya. Lakini kifungu hicho hicho kilichotoa nafuu kikaongeza, kwa maneno yasiyohitaji mfasiri, kwamba mgomo wa wafanyakazi wa reli haumo katika nyudhuru hizo. Na haki iko hapo, kwani ugomvi wa mwenye nyumba na watumishi wake haumwondolei mgeni haki ya chakula alichokwisha kukilipia. Mimi siwalaumu wanaogoma, wala simtetei mwajiri. Nasema tu kwamba abiria si mshirika katika shauri lao, na sheria haikumtaka awe ndiye mlipaji wa gharama zake.

Basi mtazame mtu huyu afutaye tiketi kwa hofu. Maadamu treni yake ingali katika ratiba, mkataba ungali mzima, na yeye ndiye anayeuvunja kwa hiari yake. Atahukumiwa kwa masharti ya tiketi aliyoinunua, ambayo, ikiwa ni ya bei nafuu, pengine yarudisha kidogo na pengine hairudishi hata senti. Kampuni ikiiondoa treni, mambo hupinduka: masharti yale yote huanguka, nayo hudaiwa ama nauli yote, ama kumfikisha aendako. Akichagua kufikishwa, naye akafika amechelewa baina ya saa moja na mbili, ana fidia isiyopungua asilimia 25 ya nauli. Akichelewa saa mbili au zaidi, asilimia 50. Aliyejifutia mwenyewe siku kumi kabla ameyatupa haya yote kwa mkono wake, kisha hunijia akisema kwamba kampuni imemdhulumu. Haikumdhulumu, amemsamehe mdeni kabla deni halijaiva.

Nami husikia: lakini ilani imekwisha kutolewa! Ilani si mgomo. Nchini Ufaransa vyama hulazimika kutoa ilani siku 5 kamili kabla, na tangu sheria ya mwaka 2007 kila mfanyakazi ambaye kazi yake ndiyo iendeshayo treni hana budi kumjulisha mwajiri, saa 48 kabla ya zamu yake, kwamba yeye binafsi atagoma, akiwa bado na ruhusa ya kugeuza nia. Katika saa hizo 48 ndipo kampuni huhesabu watu ilio nao na kupanga treni zitakazokwenda, na aghalabu orodha yake hutoka saa 11 jioni ya siku iliyotangulia safari. Juma moja kabla, basi, mkurugenzi wa kampuni hajui, wala kiongozi wa chama hajui, sembuse mimi niliyeulizwa na mtu aliye sokoni.

Desemba 2022 yatosha kuwa ushahidi. Wakaguzi wa ndani ya treni, ambao bila yao treni za kasi haziruhusiwi kuondoka kwa ajili ya usalama, waligoma mwisho wa juma la Krismasi. Takriban theluthi moja ya treni hizo iliondolewa Ijumaa ya tarehe 23, na mbili katika kila tano siku mbili zilizofuata, abiria wapatao 200,000 wakakosa safari zao. Hao walirudishiwa nauli, na juu yake kampuni ya taifa, SNCF, ikawapa hati ya thamani ile ile ya kununulia safari nyingine; ila aliyekuwa amekwisha kuirudisha tiketi yake hakuwa tena na treni ya kufutiwa. Mapatano yalipatikana tarehe 22: ilani ya Mwaka Mpya, iliyowatia watu hofu ile ile, ikaondolewa, ilhali treni za Krismasi hazikuweza kurudishwa, kwa kuwa zamu zilikwisha kupangwa upya. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Desemba 2023, njia ya chini ya bahari baina ya Ufaransa na Uingereza ilifungwa ghafla na wafanyakazi wa upande wa Ufaransa waliokuwa wakidai bahashishi ya mwisho wa mwaka, abiria wakapatwa na masaibu hayo wakiwa stesheni, mizigo mkononi; na jioni ile ile pande mbili zikaafikiana. Mgomo uliotangazwa ukafutwa, usiotangazwa ukatokea. Ni nani aliyekuwa akiibashiri hatima hiyo?

Sasa ya kutenda, kwa haraka. Shika tiketi yako mpaka kampuni iifute yenyewe. Ikitangaza kwamba tiketi za siku hizo zabadilishwa bure, badilisha, maana hilo ni toleo lao. Hakikisha nambari ya simu iliyoandikwa katika tiketi ni yako, si ya binamu aliyekununulia, kwa kuwa habari ya kufutwa huenda kwenye nambari hiyo. Usinunue bima baada ya ilani kutangazwa. Jambo lililokwisha kujulikana bima hailibebi. Safari yenye kubadili treni, inunue kwa tiketi moja ya pamoja. Kiti cha basi cha akiba, kiwe cha kurudishika. Treni ikifutwa na kampuni isikupe njia nyingine ndani ya dakika 100 tangu saa iliyopangwa kuondoka, waweza kujinunulia treni nyingine au basi na kudai gharama. Teksi na ndege hazimo. Weka risiti, piga picha ubao wa stesheni, na udai kabla miezi 3 haijapita. Treni ndogo za mijini na mitaani huenda zikawa na sheria zao, na walioko Uingereza wana kanuni zao pia. Wasome masharti ya kwao.

Mmoja tu namtoa katika shauri hili, naye ni yule ashikaye treni ili awahi uwanja wa ndege wa Roissy, akiwa na tiketi ya ndege ya kurudi Afrika Mashariki, na mama mzee anayemngoja huko. Kanuni ya Ulaya niliyoitaja yadhamini nauli ya treni, chakula na malazi. Ndege iliyokwisha kuruka haiirudishi, na thamani yake yaweza kuwa mara kumi ya nauli ya reli. Huyo asiingoje saa 11 jioni wala asihesabu asilimia. Aondoke siku moja kabla ya mgomo, kwa basi ikibidi, na alale karibu na uwanja.