Hali ya Hewa katika Michezo ya Uigaji wa Besiboli: Tatizo la Kuhesabu Athari Moja Mara Mbili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna michezo ya kompyuta inayoiga besiboli inavyoingiza joto, upepo, mwinuko na mvua katika matokeo ya mechi. Hoja yake ni kwamba kasoro kubwa ya uigaji wa aina hii haitokani na kuipuuza hali ya hewa, bali na kuihesabu mara mbili: mara ya kwanza ikiwa imejificha ndani ya kigezo cha uwanja, na mara ya pili ikiwa imeongezwa waziwazi kama hali ya hewa ya siku. Inapendekezwa kwamba hali ya hewa ipewe kazi ya kutawanya matokeo baina ya siku na siku, si kazi ya kubadili wastani wa msimu.

1.0 Utangulizi

Msimu wa Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani huanza majira ya kuchipua na kumalizika majira ya vuli, na kila timu hucheza mechi 162. Timu ileile hucheza Chicago mwezi Aprili kwenye baridi ya kugandisha vidole, kisha ikacheza St. Louis mwezi Julai kwenye joto la kuchosha. Haishangazi basi kwamba wabunifu wa michezo ya uigaji wamejitahidi kuingiza hali ya hewa katika kazi zao. Mapokeo haya yana historia ndefu. Strat-O-Matic, iliyochezwa kwa kadi na dadu, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Earl Weaver Baseball ilitolewa mwaka 1987. Na Out of the Park Baseball ilifuata mwaka 1999.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini suala hili listahili utafiti. Jibu ni kwamba programu hizi hazitumiki kwa burudani tu. Hutumika kurudia misimu iliyopita, kulinganisha wachezaji wa vizazi mbalimbali na kujibu maswali ya “ingekuwaje kama”. Mfano ulio wazi ni Larry Walker, aliyeichezea Colorado Rockies kuanzia 1995 hadi 2004. Alipigiwa kura za kutosha kuingia Ukumbi wa Heshima wa besiboli mwaka 2020, uliokuwa mwaka wake wa kumi na wa mwisho katika orodha ya wapigiwa kura. Mjadala uliomchelewesha ulihusu kwa kiasi kikubwa swali moja: ni sehemu gani ya mafanikio yake ilikuwa yake mwenyewe, na ni sehemu gani ilikuwa ya hewa nyepesi ya Denver? Kila programu inayomhamisha Walker kutoka Denver na kumweka katika uwanja mwingine hulijibu swali hilo, hata kama mbunifu wake hakukusudia kulijibu.

Istilahi za besiboli hazijasanifiwa katika Kiswahili. Katika makala haya, mpigo wa nje ni mpira uliopigwa ukapita juu ya uzio wa mbali bila kugusa ardhi. Kigezo cha uwanja ni uwiano unaoonyesha kiasi ambacho uwanja fulani huzidisha au hupunguza tukio fulani ukilinganishwa na viwanja vingine. Kigezo cha 1.00 humaanisha uwanja wa kawaida.

2.0 Hewa na mpira

Mpira wa besiboli una uzito wa gramu 142 hadi 149 na mzingo wa takriban sentimita 23. Ukiwa angani hukabiliwa na uvutano wa dunia, ukinzani wa hewa, na nguvu itokanayo na kuzunguka kwake, ambayo wanafizikia huiita nguvu ya Magnus. Nguvu hizi mbili za mwisho hutegemea densiti ya hewa. Joto likipanda kutoka nyuzi 10 hadi 30 za Selsiasi, densiti hupungua kwa takriban asilimia 6.5. Denver, iliyo kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ina hewa ambayo densiti yake ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Makadirio ya umbali ambao mpira hunufaika huko hutofautiana, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 10. Isisahaulike kwamba hewa hiyohiyo humdhuru mrushaji kwa njia ya pili: mipira yake ya kupinda hupinda pungufu kuliko ilivyozoeleka.

Kuhusu unyevu, imani ya watangazaji wengi kwamba hewa yenye unyevu ni “nzito” haina msingi. Molekuli ya mvuke wa maji ina uzani wa 18, ilhali wastani wa hewa kavu ni takriban 29. Kwa hiyo mvuke unapochukua nafasi ya hewa kavu, hewa huwa nyepesi. Hata hivyo tofauti ni ndogo: katika nyuzi 30, hewa iliyojaa mvuke kabisa haipungui densiti kwa zaidi ya asilimia 2. Programu inayofupisha safari ya mpira kwa sababu ya usiku wenye unyevu imerithi masimulizi ya redioni, si fizikia.

Upepo ni jambo jingine kabisa. Kwa mpira ambao ungesafiri mita 120 katika hewa tulivu, upepo wa nyuma wa kilomita 8 kwa saa huongeza kiasi cha mita 5 hadi 6, na upepo wa mbele wa kasi hiyohiyo hupunguza zaidi kidogo ya hapo. Ili joto peke yake lilete tofauti kama hiyo, lazima lipande kwa nyuzi 25 hadi 30. Mbunifu mwenye muda mchache na autumie kwenye upepo.

3.0 Mahali kosa linapoingia

Kigezo cha uwanja hakikokotolewi kwa fizikia, bali kwa takwimu: mtafiti hulinganisha matukio ya mechi za nyumbani na za ugenini kwa misimu kadhaa. Kwa sababu hiyo kigezo hubeba kila kitu kilichokuwapo uwanjani katika misimu hiyo: umbali wa uzio, mwinuko wa mahali, joto la kawaida na mwelekeo wa kawaida wa upepo. Hakitenganishi ukuta na hewa.

Tuchukulie, kwa ajili ya mfano tu, kwamba kigezo cha mipigo ya nje cha uwanja wa Denver ni 1.30. Programu humchukua mpigaji wa Denver, hugawanya takwimu zake kwa sehemu ya kigezo hicho ili kupata uwezo wake halisi, kisha humrudisha uwanjani na kuzidisha tena kwa 1.30. Hadi hapo hesabu imefungamana. Sasa mbunifu anaongeza moduli mpya ya hali ya hewa inayokokotoa densiti kwa kulinganisha na usawa wa bahari, na moduli hiyo inatoa kizidisho cha 1.25. Mechi zitachezwa kwa kizidisho cha 1.30 × 1.25, yaani 1.625. Mwinuko umeondolewa mara moja wakati wa kumtathmini mchezaji, lakini umerejeshwa mara mbili wakati wa kumchezesha. Mrushaji wa Denver ataonekana dhaifu kuliko alivyokuwa, na mpigaji ataonekana shujaa. Lililo baya zaidi ni kwamba mtumiaji atafurahi, kwa kuwa matokeo yanafanana na sifa ya uwanja ule kama anavyoijua yeye.

Tiba ya kwanza inayofikiriwa ni kuipima hali ya hewa ya siku kama tofauti yake na wastani wa mahali hapo. Siku ya kawaida ya Denver ingepata 1.00 na siku ya joto zaidi ingepata zaidi kidogo. Tiba hii ni ya lazima, lakini haitoshi. Uhusiano wa upepo na mipigo ya nje si mstari mnyoofu. Mipira mingi inayopigwa juu huangukia mita chache ndani ya uzio, na mita tano za ziada huivusha mingi kwa wakati mmoja. Mita tano pungufu haziwezi kuondoa zaidi ya ile michache iliyokuwa ikivuka. Chukua uwanja ambao nusu ya siku upepo huvuma kuelekea nje na kuleta kizidisho cha 1.60, na nusu nyingine huvuma kuelekea ndani na kuleta 0.60. Wastani wa upepo ni sifuri, ilhali wastani wa vizidisho ni 1.10. Kwa hiyo linalopaswa kusawazishwa kuwa 1.00 ni wastani wa athari, si wastani wa upepo wenyewe: vizidisho hivyo vigawanywe kwa 1.10, vibaki takriban 1.45 na 0.55.

4.0 Wrigley Field: viwanja viwili katika kimoja

Endapo hali ya hewa haiongezi chochote katika wastani wa msimu, kuna haja gani ya kuiingiza? Wrigley Field, uwanja wa Chicago uliofunguliwa mwaka 1914 karibu na Ziwa Michigan, ni jibu tosha. Upepo ukitoka ziwani huurudisha mpira ndani. Ukivuma kuelekea nje, uzio huwa kama umesogezwa karibu. Tarehe 17 Mei 1979, upepo ukivuma kuelekea nje, Philadelphia iliishinda Chicago uwanjani hapo kwa 23 kwa 22 katika raundi 10, na mipigo ya nje 11 ilishuhudiwa. Kigezo cha msimu huzichanganya siku za aina hizo mbili na kutoa namba moja ya kati ambayo karibu haifanani na siku yoyote. Programu isiyo na upepo itapata jumla sahihi ya msimu, huku ikikosa kabisa mtawanyiko wake. Kocha wa programu hiyo hatakuwa na sababu ya kuchagua leo mrushaji anayelazimisha mipira ya chini, kwa kuwa kila siku ni ileile.

Jambo hili huhusu pia mfuatano wa siku. Timu hukutana kwa mechi tatu au nne mfululizo katika mji mmoja, na mfumo wa hewa huweza kudumu siku hizo zote. Programu inayochagua upepo upya kwa bahati nasibu kila mechi hutoa wastani sahihi na mtawanyiko sahihi, lakini hukosa wiki mbaya ambayo huwachosha warushaji wa akiba wote kwa pamoja.

5.0 Hewa ya ghala na mvua

Unyevu ambao fizikia ya hewa huupuuza hurudi kwa mlango mwingine. Mpira uliokaa mahali pakavu hupoteza uzito kidogo na hudunda zaidi. Mwaka 2002 Denver ilianza kuihifadhi mipira katika chumba chenye unyevu unaodhibitiwa, na tangu 2022 viwanja vyote vya ligi vinafanya hivyo. Kwa hiyo kigezo kimoja cha Denver kisitumike kwa misimu ya kabla na baada ya 2002.

Mvua, kwa upande wake, haiathiri zaidi njia ya mpira bali utaratibu wa mchezo: mechi ikisimamishwa kwa muda mrefu, mrushaji aliyeianza kwa kawaida harudi. Michoro ya matone na mawingu, ambayo michezo ya kisasa imeifikisha mbali, haitoi ushahidi wowote kwamba kanuni hii imeingizwa.

6.0 Kupima uhalisia

Uhalisia upimwe kwa makundi ya mechi, si kwa jumla ya msimu. Kumbukumbu za Retrosheet, shirika la kujitolea lililoanzishwa mwaka 1989, huonyesha kwa mechi nyingi joto, kasi ya upepo na mwelekeo wake. Mtafiti azigawe mechi halisi na za uigaji kwa mwelekeo wa upepo, kisha alinganishe mgawanyo wa alama katika kila kundi. Ajihadhari na mtego mmoja: katika kumbukumbu hizo joto lisilojulikana huandikwa 0 na kasi ya upepo isiyojulikana huandikwa −1. Asiyezichuja rekodi hizo atapata majira ya joto yenye baridi kali ajabu.

Kundi la ulinganisho tayari lipo. Viwanja vyenye paa la kudumu, kama Astrodome ya Houston kuanzia 1965 na Metrodome ya Minneapolis kuanzia 1982, havikuwa na upepo wala majira. Viwanja vya paa la kufunguka havifai kwa kazi hii, kwani paa hufungwa hasa siku ambazo hewa ni mbaya. Programu ambayo mechi zake za ndani ya Astrodome zinaonyesha tofauti kati ya Aprili na Julai kubwa kuliko ile ya rekodi halisi imeruhusu hali ya hewa ya nje kupenya paa.