Rungu: Uzito Wake na Adabu Yake

Mvuvi wa Koyama au Chula, huko kusini mwa Kismayu, anaponasa papa mkubwa hampakii akiwa hai. Humvuta hadi ubavuni mwa chombo, akampiga rungu la kichwa, ndipo ampandishe. Rungu halina makali wala ncha. Nguvu hiyo yatoka wapi?

Siri imo katika umbo. Mpini ni mwembamba, kichwa ni kizito. Mkono uzungukapo, kichwa cha rungu hupita mbio kuliko kiganja, na uzito wote hushukia mahali padogo. Wasomali huliita budh. Wamasai hulichonga katika kipande kimoja cha mti mgumu, kichwa kikitokana na fundo la mti, ili pasiwe na kiungo cha kulegea.

Silaha hii ni kongwe. Bamba la mfalme Narmer wa Misri, la yapata miaka 5,000 iliyopita, lamwonyesha ameinua rungu juu ya adui yake. Baadaye, askari wa Ulaya na Uturuki walipovaa deraya za chuma zilizoshinda upanga, wahunzi walifua marungu ya chuma yenye mbavu kichwani. Hayo yaliweza kuvunja mfupa hata pasipo kuipasua deraya.

Bunduki ilipoenea, rungu la vita likageuka alama ya mamlaka. Spika wa Bunge la Tanzania huingia akitanguliwa na rungu la heshima liitwalo siwa. Jina hilo ni la baragumu kuu za pembe na shaba za Pate na Lamu, majirani wa Wabajuni.

Kwa askari, mafunzo ni haya: kirungu cha kazi, ingawa hakina kichwa kizito, chaweza kuua kikishukia kichwani. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 zataka nguvu itumike palipo lazima tu, tena kwa kiasi.

Nanyi akina mama na akina baba, rungu la nyuma ya mlango liwekeni mbali na watoto. Tena, aliyepigwa kichwani aweza kuinuka na kuzungumza vizuri, kumbe damu inavuja ndani ya fuvu. Akianza kutapika, kusinzia kupita kiasi au kuumwa sana na kichwa, msimwache alale mkidhani apumzika. Mpelekeni hospitali mara moja.