Kazi ya mikono iko nyumbani. Hesabu yake iko wapi?

Ndugu wanachama wa koperative, mtu akiingia Goma anakutana nayo tu: sanamu ya chukudu, rangi ya dhahabu, katikati ya mzunguko wa barabara. Miji mingine imesimamisha majenerali. Sisi tumesimamisha mbao na magurudumu mawili.

Na inastahili. Chukudu haikuchorwa na injinia. Watu wanasimulia kwamba ilianza miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, makuta yalipopungua na magari yakawa ya kuhesabu. Mtu mwenye panga, tezo na gogo la mkaratusi alichonga nyumbani kwake, akafunga gurudumu kwa raba ya tairi kuukuu, na leo kabichi, viazi na makala ya Kibumba vinateremka nayo mpaka sokoni. Mpaka sasa watoto wetu wanajichongea chukudu ndogo za kuchezea. Kwa wengine ule mchezo ndio unakuja kuwa kazi.

Tunaanza na chukudu kwa sababu katika mikutano yetu, huku Nyiragongo, Masisi na Rutshuru, swali moja linarudi: "Mimi najua kushona, najua kusuka vikapu, najua kupika mandazi. Naweza kufanya biashara nyumbani bila kuacha shamba?" Tunajibu ndiyo. Lakini tuliyoyaona miaka hii yanatulazimisha kuongeza jambo. Kujua kazi, hilo watu wa kwetu hawakosi. Wanaoanguka, wengi wanaangukia kwenye hesabu.

Tuchukue mandazi, maana hakuna kartie isiyo na mama wa mandazi. Bei tunazoweka hapa ni za mfano tu, badilisha kwa bei za soko lako. Mama ananunua bunga ya ngano kilo tatu kwa franga 7,500, sukari 1,500, mafuta 3,500, levuri na chumvi 500. Jumla 13,000. Anapata mandazi 180, kila moja franga 100, yaani 18,000. Anafurahi: faida 5,000.

Sasa tukae naye kidogo. Makala ya asubuhi hiyo ni 1,500, lakini hakuyahesabu kwa sababu gunia lilikuwa tayari nyumbani. Maji bido mbili, 400. Hapa Goma tunaishi juu ya mawe ya volkano, kisima hakuna, maji yanapandishwa kutoka ziwani na kila bido ina bei yake. Watoto walikula mandazi kumi kabla ya kwenda masomo: 1,000. Zile 5,000 zimebaki 2,100. Na mama aliamka saa tisa ya usiku, akamaliza kuuzisha saa nne ya asubuhi. Ni saa saba. Kila saa imemlipa franga 300, bei ya mandazi matatu.

Hatusemi aache. Franga 2,100 kila siku ni kitu katika nyumba ambayo haikuwa na kitu. Tunasema ajue, kwa sababu akishajua ataona pa kukata. Mwanachama wa koperative ana kitu ambacho mama wa mjini hana: ndizi zilizoiva kupita kiasi na viazi vitamu ambavyo soko limekataa. Ndizi mbivu ikipondwa na kuchanganywa kwenye bunga, sukari inapungua na bunga pia inapungua. Jiko zuri la udongo linalobana moto linakata makala. Na watoto wale, tena washibe, ila mandazi yao yaandikwe.

Hapa tuna deni letu la kuungama. Sisi watu wa miradi tunapenda sana kufundisha sabuni. Tumewahi kukusanya akina mama ishirini na tano wa sehemu moja, tukawafundisha sabuni ileile kwa siku tano, tukapiga picha, tukaondoka. Tuliporudi baada ya miezi mitatu tulikuta sabuni zimepangwa kwenye milango, kila mlango na zake, na hakuna wa kununua. Jirani amuuzie jirani nini, kama wote wana sabuni? Waliobaki sokoni walikuwa wawili. Mmoja alikuwa amepeleka zake mbali, kwa wanaofua nguo za watu. Mwingine alikuwa ameacha sabuni na kuuzisha mawese kwa wenzake. Huyo wa pili alikuwa amewaza kuliko sisi tuliofundisha.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua kazi, tembea. Zunguka siku mbili kwenye avenyu zako na sokoni, uangalie kitu gani watu wanakifuata mbali. Kama sabuni imejaa, labda anayekosekana ni fundi wa kurekebisha sare za wanafunzi, au mtu wa kufuma fulana za watoto wachanga. Usiku wa huku ni baridi, hilo kila mzazi analijua.

Wafugaji wa Masisi wanatupa mfano mwingine. Maziwa hayangoji. Barabara ikiharibika siku moja, yamemwagwa. Lakini fromaji inangoja. Inachukua karibu litre kumi za maziwa kupata kilo moja ya fromaji, na ile kilo inavumilia safari ambayo litre kumi haziwezi. Ndiyo maana watu wanaotoka Goma kwenda Kinshasa wanabeba fromaji ya Masisi kwenye mizigo yao kama zawadi. Anayefikiria kazi ya nyumbani angeanzia hapo: kitu gani cha shamba langu kinaharibika kabla ya kufika, na mikono yangu inaweza kukifanya kingoje?

Bado wapo wanaotaka sabuni, na mahali ambapo haijajaa ni kazi nzuri, kwa sababu mawese yanapatikana kutoka Beni na Walikale. Basi tuiseme vizuri, maana tumeona mikono iliyoungua. Kwa kilo moja ya mawese, soda kostiki ni gramu 135 na maji gramu 330. Pima vyote kwa mizani, hata maji. Usipime kwa kikombe wala kwa macho, soda ikizidi sabuni inakula ngozi. Soda inamiminwa ndani ya maji, polepole. Maji hayamiminwi juu ya soda hata siku moja, yanaruka na kuchoma. Fanyia nje penye hewa, vaa glavu na kinga ya macho, watoto wawe mbali. Sufuria ya aluminiamu usiiguse, soda inaitafuna. Tumia ndoo ya plastiki ngumu. Acha mchanganyiko upoe mpaka uwe vuguvugu, changanya na mawese yaliyoyeyushwa ambayo nayo ni vuguvugu, koroga mpaka yawe kama uji mzito, mimina kwenye kasha la mbao lililotandikwa plastiki. Baada ya siku moja au mbili unakata vipande. Halafu unangoja wiki nne zikauke. Ikirukia ngozi, osha kwa maji mengi papo hapo, muda mrefu.

Zile wiki nne ndizo zinaua biashara nyingi. Makuta yamelala ndani ya sabuni na nyumba inataka kula. Anayeanza na makuta yote aliyonayo atauzisha sabuni mbichi wiki ya kwanza, mteja ataiona inayeyuka kwenye bakuli, na hatarudi. Anza na kilo mbili, siyo ishirini.

Jambo la deni ni gumu zaidi kuliko soda. Biashara ya nyumbani mlango wake ni mlango wa familia. Shemeji atapita, mama mkwe atapita, jirani aliyekusaidia wakati wa msiba atapita, na wote watasema "nitakulipa mwisho wa mwezi". Ukikatalia kila mtu umeharibu undugu, ukikubalia kila mtu umeharibu mtaji. Tumeona mama mmoja aliyepata njia. Kila wiki anatenga vipande vitano vya sabuni, anaviita vya familia. Vikiisha, anasema kwa upole, "Vya familia vimekwisha, mama, hivi vingine ni vya koperative." Hawamkasirikii. Vile vitano anavihesabu kama gharama, sawa na makala.

Kuhusu mtaji wa kuanzia, wengi wanauliza mikopo. Sisi tunapendelea AVEC, au likelemba ya watu mnaojuana, kuliko mkopo wenye riba ya kila mwezi. Pangeni zamu pamoja na kalenda ya shamba: anayehitaji mbegu za msimu A achukue kabla ya Septemba, mwenye mashini ya kushona achukue kabla ya masomo kufunguliwa, wakati wazazi wanatafuta sare. Shamba na biashara visigombanie makuta mwezi mmoja.

Akina mama, kuna jambo tunalisema kila tunapopita kwa sababu bado kuna wanaotishwa nalo. Tangu sheria ya Julai 2016 iliyobadilisha Kodi ya Familia, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume ili afanye biashara au afungue konti. Kuelewana nyumbani ni vizuri na tunakushauri. Lakini mtu akidai karatasi ya mume, muulize ameitoa katika sheria gani.

Na kuna walio na wasiwasi: mlima ukitapika tena, nitapoteza vyote? Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji. Mei 2021 ilifika Buhene, na siku chache baadaye watu wengi wakaambiwa waondoke mjini. Njia ya Sake tuliona wanaobeba kichwa cha mashini ya kushona peke yake, meza na miguu vimeachwa nyuma. Walijua kipi ni kizito kununua tena. Fikiria na wewe, kabla hujanunua vyombo: kipi utaweza kukibeba?

Kwenye mkutano ujao wa koperative yenu, kila anayetaka kuanza aje na daftari moja na kalamu. Kwa wiki nne ataandika kila kinachoingia na kila kinachotoka, pamoja na makala, maji na mandazi ya watoto. Asiyejua kuandika apange na mtoto wake wa masomo, au achore mistari. Tutapita kuyasoma pamoja nanyi, ukurasa kwa ukurasa, na safari hii hatutafundisha kazi moja kwa watu ishirini na tano.