Duka la mtandaoni linapohama

Novemba 2019 Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania, miezi 7 tu baada ya hisa zake kuanza kuuzwa New York. Mwaka huo huo OLX ya hapa nchini ilichukuliwa na Jiji. Muuzaji wa mchele wa Kyela au mbao za Mafinga aliyetegemea majukwaa hayo alilazimika kuhama, apende asipende.

Picha na bei huhamishwa kirahisi kwa faili la jedwali. Nywila za wateja kwa kawaida hazihami, na sifa walizoandika mara nyingi hubaki kwa mwenye jukwaa. Hasara kubwa iko kwenye anwani za kurasa: Google inazijua za zamani, na zisipoelekezwa kwenye mpya, mteja wa Dodoma hukuta ukurasa mtupu akaenda kwa mwingine. Mwenye jina lake la .co.tz anaweza kuzielekeza. Aliyepanga kibanda cha mwenzake hawezi.

Duka la zamani lisifungwe kabla oda za mwisho hazijapakiwa kwenye basi Mbeya au Iringa, fedha zote hazijaingia, na oda moja ya majaribio haijalipiwa kwa simu. Tena isiwe Mei au Juni, mpunga mpya unapoingia sokoni.