Fahamu: Ngozi ya mtoto mchanga ina tofauti gani na yako?
Ukimnunulia kichanga nguo za mtumba sokoni Kiboriloni, Moshi, zifue na uzianike vizuri kabla ya kumvisha. Ngozi yake bado haijakomaa.

Tabaka lake la juu kabisa ni jembamba kuliko la mtu mzima kwa takriban asilimia 30. Maji hupotea upesi, hasa kwenye baridi ya Juni na Julai, na dawa hupenya kirahisi. Usimpake kamwe krimu yako ya kujichubua.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri asiogeshwe hadi saa 24 zipite tangu azaliwe. Baadaye, maji ya uvuguvugu na mafuta yasiyo na manukato yanatosha.

Akipata vipele pamoja na homa, muwahishe hospitali. Hapo Moshi, hospitali ya KCMC ina kituo cha magonjwa ya ngozi.