Ijue Nchi Yako Kwanza

Mtembea bure si sawa na mkaa bure, walisema wahenga. Hata hivyo, wako watoto wa mijini wawezao kukutajia vilabu na viwanja vya London, ilhali Kenya yao wanaijua kwa ramani tu.

Si lazima mzazi awe tajiri ndipo awatembeze wanawe. Hapa nchini hahitaji pasipoti wala fedha za kigeni. Chukua mfano wa Mombasa. Tangu 2017 garimoshi la SGR hutoka Nairobi hadi huko kwa saa tano au sita hivi, na njiani, katika mbuga ya Tsavo, abiria mwenye bahati huwaona ndovu kupitia dirishani.

Mjini humo ingali imesimama Ngome ya Yesu, ambako raia hutozwa kiingilio nafuu kuliko mgeni. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, nao Waarabu wa Omani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Mwanafunzi aliyezigusa kuta zile hatasumbuka kukariri tarehe hizo.

Faida kubwa zaidi ni watu. Mtoto aliyeketi na wenyeji wa Mji wa Kale, akala wali wao wa nazi na kucheza na watoto wao, hatadanganyika upesi akiambiwa kwamba Mkenya wa kabila jingine ni adui yake.

Basi mzazi, anza kuweka akiba sasa. Likizo haiko mbali.